Picha ya Sajini Ojok Iliyochujuka Mikononi mwa Kamati

CHAMA CHA WAPIGA PICHA NA WACHAPAJI, JINJA NA MBALE
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA PAMOJA

Tarehe: Jumamosi, 14 Novemba 1998
Mahali: Chumba cha nyuma, studio ya Mwenyekiti, Barabara Kuu, Jinja
Saa: Kiliitishwa saa tatu asubuhi, kilianza saa nne na robo

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Kirunda – Mwenyekiti. Mwenye studio, na mtunzaji wa mashine ya chama ya kuchapa picha za rangi
2. Bw. Fadhul – Makamu Mwenyekiti; mpiga picha, Mbale
3. Bw. Isiko – Mshauri wa Kemia. Zamani mkuu wa maabara ya rangi katika kiwanda cha nguo, sasa mwalimu, Jinja
4. Bi. Nakisige – Mjumbe. Mchapaji wa kadi, Jinja
5. Bi. Khainza – Mjumbe. Mtengenezaji wa fremu, Mbale
6. Bw. Marjan – Katibu

MGENI MWALIKWA
Bi. Aber (Mama Milly) – mjane wa marehemu Sajini Ojok wa polisi, Jinja

WASIOHUDHURIA
Bw. Bogere – kwa udhuru (amefiwa, Wanyange)
Bw. Herbert – bila udhuru, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/11/98: KUFUNGULIWA KWA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kueleza kwamba kikao hiki kimeitishwa kwa shinikizo, si kwa hiari yake. Aliagiza neno "shinikizo" liandikwe. Limeandikwa.

Makamu Mwenyekiti alieleza kwamba yeye na Bi. Khainza walipanda basi Mbale kabla ya alfajiri na kufika kwa wakati, ilhali Mwenyekiti, ambaye analala ghorofani juu ya chumba hiki, ndiye aliyechelewa. Mwenyekiti alijibu kwamba alikuwa akivaa. Bi. Khainza aliuliza ni suti ngapi.

Bi. Nakisige alihoji kwa nini vikao vya chama huendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye aliijua kwanza kwenye vizuizi vya askari barabarani. Katibu alikumbusha kwamba wajumbe wa Jinja na wa Mbale hawajawahi kukubaliana kutumia lugha ya upande wowote, na kwamba mgeni wa leo ni Mwacholi. Alisema lugha haina kosa la aliyeitumia kumtishia mtu. Maneno ya wajumbe na ya mgeni yaliyomo katika alama za kunukuu yameandikwa kama yalivyosemwa.

KUMB. NA. 2/11/98: KUTHIBITISHWA KWA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA OKTOBA

Mwenyekiti aliomba kumbukumbu za Oktoba zithibitishwe bila kusomwa. Bw. Isiko alikataa. Alisema Mwenyekiti aliagiza iingizwe sentensi isemayo kwamba kamati iliridhika kuwa picha ya mteja ilipauka kwa sababu mteja mwenyewe aliiweka juani. Kamati haikuridhika na jambo hilo. Aliyeridhika ni Mwenyekiti peke yake.

Wajumbe wengine waliunga mkono maelezo ya Bw. Isiko. Sentensi hiyo ilirekebishwa isomeke "Mwenyekiti alidai kwamba", na kumbukumbu zikathibitishwa. Mwenyekiti alisema "kudai" ni neno la mahakamani. Katibu alikubaliana naye.

KUMB. NA. 3/11/98: MALALAMIKO YA BI. ABER

Bi. Aber alikaribishwa aeleze shida yake upya, kwa kuwa mwezi Oktoba alisikilizwa akiwa amesimama mlangoni.

Alieleza kwamba mumewe, Sajini Ojok, alifariki kwa homa mwaka jana na akazikwa huku Jinja, kwa sababu barabara ya kwenda kwao kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita. Mama mzazi wa marehemu hakufika mazishini. Sasa ukoo umeandaa matanga ya mwisho. Bi. Aber anaondoka kesho na msafara unaolindwa, na kitu kimoja ambacho mama huyo ameomba aletewe ni sura ya mwanawe.

Marehemu alikuwa na picha moja tu, ile ndogo ya kitambulisho cha kazi. Bi. Aber aliazima kitambulisho hicho, akakileta kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti akaikuza picha hiyo kwa mashine ya chama na kuitia rangi. Kitambulisho kilirudishwa ofisini kama sheria inavyotaka, na hakitoki tena. Mwenyekiti, alipoulizwa, alithibitisha kwamba nakala iliyokuwa ndani ya kompyuta aliifuta ili kupata nafasi ya picha za harusi. Kwa hiyo picha iliyokuzwa ndiyo pekee iliyokuwa imebaki duniani.

Baada ya miezi michache uso ulianza kugeuka kijani, kisha kupauka. Mwezi Oktoba Bi. Aber aliileta akitaka irekebishwe. Kamati iliizuia picha hiyo kama kielelezo.

Mwenyekiti alirudia msimamo wake: wateja hununua picha nzuri, wanaitundika mbele ya dirisha, jua linaila, kisha wanakuja kulaumu studio. Mazungumzo yafuatayo yalifanyika:

Bi. Aber: "Bwana Mwenyekiti, mimi nalala kwa nyumba ya bati, ile ya mviringo ya polisi. Dirisha yake iko kama sahani, na nimeziba na mbao sababu ya mbu. Hiyo jua naingia wapi? Nabisha hodi?"

Mwenyekiti: "Mama Milly, labda asubuhi, mlango ukiwa wazi."

Bi. Aber: "Mlango yangu naangalia choo. Hata jua haipendi huko."

Bw. Isiko aliomba kumuuliza mgeni maswali mawili. Alimuuliza anapikia nini. Bi. Aber alijibu kwamba anapikia jiko la mafuta ya taa. Alimuuliza jiko hilo analiweka wapi. Bi. Aber alijibu: "Hapo hapo chini ya picha. Wewe unafikiri polisi ana jikoni?" Bw. Isiko alisema amepata alichokitaka, na kwamba ataeleza baadaye.

Bi. Aber aliomba kuiona picha yake. Mwenyekiti alisita, akasema ingefaa kwanza kamati imalize majadiliano. Bi. Khainza alisimama na kwenda dukani mwenyewe. Alirudi na picha, akaeleza mbele ya wote kwamba ameikuta imebanwa ukutani juu kabisa ya mashine ya fotokopi, bila kioo wala fremu, na kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi wakati huo huo, ikitoa nakala za mitihani ya shule.

Katibu anaandika alichokiona kwa macho yake. Mwezi Oktoba picha hii ilikuwa na uso wa mtu, hafifu lakini ukitambulika. Leo ilikuwa na kofia ya polisi, nyusi, masharubu, tai na vifungo. Kati ya nyusi na masharubu palikuwa na karatasi tupu.

Bi. Aber aliishika picha kwa muda, kisha akasema: "Mimi nilileta mtu. Nyinyi narudisha kofia."

Mwenyekiti alieleza kwamba aliiweka pale kwa heshima, ili kila anayeingia aone kazi ya chama. Makamu Mwenyekiti alimwambia: "Kirunda, umefaulu. Wameiona." Mwenyekiti alimtaka afute kauli. Makamu Mwenyekiti hakufuta.

KUMB. NA. 4/11/98: MAELEZO YA MSHAURI WA KEMIA KUHUSU KUCHUJUKA KWA WINO

Bw. Isiko alipewa nafasi. Alianza kwa kusema kwamba tangu Februari anaiambia kamati jambo hili, na kwamba kila akianza Mwenyekiti huangalia saa. Mwenyekiti, aliyekuwa akiangalia saa, aliweka mkono mezani.

Alieleza kwamba wino wa rangi wa mashine ya chama ni maji yaliyoyeyusha rangi, kama chai ilivyo maji yaliyoyeyusha majani. Rangi ikishayeyuka, kila molekuli yake hukaa peke yake juu ya karatasi, wazi, bila kinga. Ndani ya molekuli hiyo kuna kiungo kimoja kinachoipa rangi yake. Kiungo hicho kikivunjika, molekuli ipo lakini rangi haipo.

Mwanga wa jua hukivunja, na hapo Mwenyekiti hakukosea. Lakini si mwanga peke yake. Moshi wa mafuta ya taa una gesi inayokivunja hata gizani. Alikumbusha kwamba kiwandani kwao nguo za buluu zilizofungwa ghalani karibu na tanuri, mahali pasipofika jua, zilitoka zikiwa na michirizi ya waridi kwenye mikunjo, na mlinzi wa ghala alikaribia kufukuzwa kwa kudaiwa kuzianika. Mashine ya fotokopi nayo hutoa gesi iitwayo ozoni. Ndiyo ile harufu kali inayofanana na hewa baada ya radi. Gesi hiyo ni kali kwa rangi kuliko moshi wa jiko.

Bi. Nakisige aliuliza, ikiwa ni hivyo, kwa nini kofia imebaki. Bw. Isiko alijibu kwamba wino mweusi wa mashine hii haukuyeyushwa. Ni masizi yaliyosagwa yakaelea majini. Punje moja ya masizi ni molekuli nyingi zilizoshikamana. Za nje zikiumia, za ndani zinabaki. Ndiyo maana masizi ya dari ya jikoni hayapauki, na uso wa binadamu umepauka.

Mwenyekiti: "Kwa hiyo, Profesa, ni jiko la mteja lililoharibu picha. Andika, mzee Katibu."

Bw. Isiko: "Andika, mzee. Jiko la mama huyu lilikula nusu kwa mwaka mzima. Nusu iliyobaki imeliwa na ukuta wa Mwenyekiti kwa mwezi mmoja."

Yote mawili yameandikwa.

Bw. Isiko aliendelea kwamba kosa halikuwa la mama anayepika chakula cha watoto wake, wala halingekuwa la mtu anayefungua dirisha. Picha inayouzwa kwa ajili ya kuwekwa nyumbani lazima iweze kuishi nyumbani, na nyumbani kuna moshi, kuna jua na kuna mvua. Aliyeuza ndiye aliyepaswa kujua. Alisema hayo kwa sauti ya juu. Mwenyekiti alimtaka apunguze. Alipunguza kidogo.

KUMB. NA. 5/11/98: JARIBIO LA SHABU NA MRUTUTU, NA HALI YA MASHINE YA CHAMA

Katibu alikumbusha kwamba mwezi Julai kamati iliagiza lifanyike jaribio la kuupa wino uwezo wa kuhimili. Bw. Isiko alitoa maelekezo kwa matawi yote mawili. Karatasi ilowekwe kwanza katika jelatini nyepesi yenye shabu, ile chumvi nyeupe ya kusafishia maji, ikaushwe, ndipo ichapwe. Shabu huishika rangi isitembee kwa unyevu na kuzifanya molekuli zake zisongamane. Baada ya kuchapwa, picha inyunyiziwe maji yenye mrututu, ile chumvi ya buluu, kidogo sana. Mrututu una shaba ndani yake, na shaba huikamata molekuli ya rangi nyekundu pande mbili, ikawa vigumu kuivunja. Vipande vilivyotiwa dawa na visivyotiwa vitundikwe barazani, nusu ya kila kipande ikiwa imefunikwa kwa karatasi ngumu.

Makamu Mwenyekiti aliwasilisha vipande vya Mbale. Nusu isiyofunikwa ya kipande kisichotiwa dawa ilikuwa imegeuka rangi ya chai iliyozidishwa maji. Cha dawa kilikuwa kimehifadhi sehemu kubwa ya wekundu wake. Alikiri kwamba wekundu huo umeelekea zambarau na kufifia mng'ao, na kwamba bibi harusi mmoja wa Nkokonjeru alipoonyeshwa alisema anafanana na mgonjwa wa ini. Bw. Isiko alisema hiyo ndiyo gharama yake, na hakuna asiyeijua miongoni mwa watia rangi wa nguo: anayetaka rangi ikae, akubali ipoe kidogo.

Mwenyekiti aliombwa kuwasilisha vipande vya Jinja. Alisema hakuna. Alieleza kwamba jaribio la Jinja lilikatizwa na hitilafu ya umeme iliyounguza mashine ya chama mwezi Septemba.

Makamu Mwenyekiti: "Umeme? Nyinyi mnalala juu ya bwawa la umeme! Sisi wa Mbale ndio tunakula chakula gizani."

Bi. Nakisige aliomba radhi kwa kuchelewa kusema. Alieleza kwamba mwezi Septemba aliingia kuomba mkasi akamkuta Mwenyekiti akiisukumia katriji ya wino maji ya buluu kwa bomba la sindano. Siku iliyofuata aliona kichwa cha kuchapia kimewekwa juu ya gazeti, matundu yake yakiwa yameziba kwa ukoko wa rangi ya mrututu. Alisema alinyamaza kwa sababu Mwenyekiti ni shemeji yake.

Mwenyekiti alisema kulowesha karatasi moja moja na kungoja zikauke wakati wa mvua ni kazi ya wafu, na mteja hangoji. Aliona ni njia fupi kuiweka dawa ndani ya wino wenyewe, ili kila picha itoke ikiwa tayari ina kinga.

Bw. Isiko: "Nilisema karatasi! Nani alikwambia uinyweshe mashine?"

Mwenyekiti: "Wewe ulisema shaba inakamata rangi. Mimi nimeipeleka shaba kwa rangi."

Bw. Isiko: "Na imeikamata! Imeikamata mpaka haitoki!"

Kicheko kilitokea. Bw. Isiko hakucheka. Alieleza kwamba mrututu ukikutana na rangi ndani ya katriji, wino huganda kama maziwa yaliyotiwa ndimu, na vitundu vya mashine ni vyembamba kuliko unywele. Mwenyekiti alisisitiza kwamba ni umeme.

Bi. Khainza aliomba kikao kitazame nje. Alisema tangu mwaka jana, kabla jaribio lolote halijafanyika, juu ya mlango wa studio hii pametundikwa ubao wenye maneno PICHA YA MILELE. Alitaka kujua ni milele gani inayoshindwa na jiko la mafuta ya taa. Mwenyekiti alisema hayo ni matangazo tu ya biashara. Katibu aliomba ruhusa ya kusema nje ya kazi yake ya kuandika, akaruhusiwa, akasema kwamba mtu hutangaza alichonacho. Ahadi iliyoandikwa mlangoni kwa herufi kubwa ni ahadi, na mama huyu aliisoma akaiamini.

Ilibainika kwa hiyo kwamba mashine ya chama haiwezi kuchapa chochote, na kwamba hata ingeweza, hapakuwa na uso wa kuchapa.

KUMB. NA. 6/11/98: KUPIGWA UPYA KWA PICHA YA MAREHEMU

Bi. Aber alisimama kuondoka. Alisema atamwambia mama mkwe kwamba watu wa Jinja walijaribu.

Bw. Isiko alimwomba akae kidogo. Alikuwa ameipeleka picha mlangoni na kuigeuzageuza kwenye mwanga. Alieleza kwamba wino wa rangi una rangi tatu: buluu, nyekundu na manjano. Gesi ya fotokopi huila buluu upesi na nyekundu inafuata, lakini manjano ni sugu. Manjano ya uso huo ilikuwa ingalipo, ila jicho la binadamu halioni manjano hafifu juu ya karatasi nyeupe. Alimuuliza Makamu Mwenyekiti kamera ya sanduku iko wapi.

Ieleweke kwamba kamera ya sanduku ni ile ya mbao, ya zamani, ambayo mpiga picha huingiza mkono ndani yake na kusafisha picha humo humo, kwenye karatasi badala ya filamu. Makamu Mwenyekiti alikuwa ameileta ili jioni aende nayo Wanyange kwenye msiba wa Bw. Bogere. Alikuwa ameiacha uani, chini ya turubai, kwa sababu Mwenyekiti hairuhusu ionekane dukani.

Bw. Isiko alieleza kwamba karatasi ya kamera hiyo haitambui ila mwanga wa buluu. Penye manjano, hata iwe hafifu namna gani, karatasi hiyo huona giza. Kisichoonekana kwa macho, yenyewe inaweza kukiona.

Mwenyekiti alitoa hoja ya utaratibu. Alikumbusha kwamba azimio la Machi, alilolileta yeye, linakataza kamera za sanduku katika shughuli zozote za chama kwa kuwa zinakirudisha chama enzi za kale. Alisema kikao hakiwezi kuvunja azimio lake chenyewe kwa sababu ya huruma. Bi. Khainza alisema kama ni aibu, chama tayari kimeipata, ipo pale mezani imevaa kofia. Hoja ya kusimamisha azimio la Machi ilipigiwa kura. Wajumbe wanne waliiunga mkono; Mwenyekiti alipinga. Kikao kilihamia uani.

Picha ilibanwa kwenye ubao mbele ya kamera, juani. Makamu Mwenyekiti alipiga mara ya kwanza akapata negativu ya karatasi, yaani picha iliyogeuka, nyeusi penye nyeupe, akaipiga hiyo upya. Bi. Aber alisimama kando na hakukubali kukalia kiti alicholetewa. Karatasi ilipotolewa kwenye dawa, zilitangulia kuonekana kofia na masharubu. Kisha paji la uso. Kisha mashavu, na kovu dogo kidevuni ambalo Katibu hakulikumbuka kwenye picha ya rangi. Jicho la kulia lilitokea sawasawa. La kushoto lilitokea nusu, kama lililofumbwa.

Makamu Mwenyekiti alianza kuomba radhi kwa ajili ya jicho hilo. Bi. Aber alimkatiza: "Wacha. Hiyo jicho alikuwa nafunga hivyo hivyo, akitaka kusema uongo. Ni yeye."

Alirudia neno hilo la mwisho kwa Kiacholi. Kisha alikaa kwenye kiti.

Bw. Isiko aliagiza picha isuuzwe muda mrefu, kwa sababu dawa ikibaki ndani ya karatasi nayo huleta madoa baadaye. Bomba la uani halikuwa na maji. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amevua kofia yake bila kuambiwa, aliingia ndani na kuleta beseni la maji kutoka jikoni kwake, na akarudi kuleta mengine mpaka Bw. Isiko aliposema yametosha. Zilitolewa nakala mbili. Bi. Khainza aliiwekea moja fremu yenye kioo, akaziba mgongo wake kwa karatasi na gundi ili moshi usiingie.

Bi. Aber aliulizwa kama anataka kurudishiwa ile picha kubwa ya rangi. Alisema: "Hiyo kofia kaeni nayo. Mmeshaizoea." Aliaga wajumbe mmoja mmoja kwa mkono, Mwenyekiti akiwa wa mwisho, na hakungoja kufungwa kwa kikao.

KUMB. NA. 7/11/98: MAAZIMIO

Kikao kilirudi ndani. Mwenyekiti alipendekeza iandikwe kwamba chama kimefanikiwa kuirejesha picha ya mteja. Bw. Isiko alisema aliyeiharibu haandikwi kuwa ameirejesha. Pendekezo halikuungwa mkono na mtu.

Iliazimiwa kwamba kuanzia leo hakuna mwanachama, Jinja wala Mbale, atakayemwahidi mteja kwamba picha ya wino wa rangi itadumu. Mteja ataambiwa mapema na kwa lugha anayoielewa kwamba wino huu hupauka kwa jua na kwa moshi. Ataonyeshwa vipande vya Mbale, chenye dawa na kisicho na dawa, achague mwenyewe kati ya mng'ao na uhai. Picha ya marehemu haitachapwa kwa wino wa rangi peke yake. Lazima iambatane na nakala nyeusi na nyeupe, na nakala hiyo itatolewa kabla picha ya asili haijarudishwa kwa mwenyewe. Picha ya mteja haitawekwa tena kwenye chumba chenye fotokopi, iwe kwa heshima au kwa sababu nyingine.

Bw. Isiko atatafuta dutu ya kutiwa kwenye karatasi ambayo itakubali kuvunjwa na gesi kabla ya rangi, yaani iumie yenyewe ili rangi ipone. Alisema anazijua mbili tatu kutoka kiwandani, na kwamba safari hii majaribio yote yatafanyika Mbale. Mwenyekiti alisema hilo ni tusi kwa Jinja. Bi. Nakisige, ambaye ni wa Jinja, alisema yeye hajatukanwa.

Azimio la Machi kuhusu kamera za sanduku limefutwa. Mwenyekiti amepewa onyo kwa kuweka mrututu katika mashine ya chama na kwa kulificha jambo hilo. Alipinga maneno yote mawili, "kuweka" na "kuficha".

Ubao wa PICHA YA MILELE utashushwa leo. Mahali pake patatundikwa ile picha kubwa ya Sajini Ojok kama ilivyo sasa, nyuma ya kioo, ili kila anayeingia aone wino wetu unavyofanya. Mwenyekiti alisema jambo hilo litamfukuzia wateja. Makamu Mwenyekiti alisema litawabakiza wale wanaostahili kuambiwa ukweli, na kwamba kama hawapo, basi heri duka lifungwe.

KUMB. NA. 8/11/98: KUFUNGA

Kikao kilifungwa saa nane na nusu mchana, wajumbe wa Mbale wakiwa na haraka ya basi na ya msiba. Ubao ulishushwa na Bi. Khainza na Bi. Nakisige, Mwenyekiti akiwashikia ngazi.

Kumbukumbu hizi zimeandikwa kwa mkono na kwa wino mweusi wa masizi, kwa agizo la kikao.

(Saini) Kirunda
MWENYEKITI
Nimetia saini. Lakini mashine iliunguzwa na umeme. – K.

(Saini) Marjan
KATIBU
Maneno yaliyoongezwa chini ya saini ya Mwenyekiti si sehemu ya kumbukumbu hizi. Ameyaandika kwa kalamu yake mwenyewe, ya wino wa buluu. Yameachwa yalivyo.